Sampuli Mia Sita na Arobaini

Mwanamke kwenye kioo alikuwa akilia. Hakulia kwa kujificha. Mabega yalimtikisika, pua ikamvuja, mkono mmoja ukapapasa ukingo wa meza kama wa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Filamu ikasimama hapo, na chini yake swali likatokea kwa herufi kubwa zinazofaa macho ya kizee: Huyu anahisi nini?

Bi Semeni aliinamisha kichwa upande wa kushoto, upande wa sikio lenye kifaa, kama kuku anayesikiliza mtama ukimwagwa. Akangoja kidogo, kisha akatabasamu.

"Anatania," alisema. "Na ni fundi, msimwone hivyo."

Agripina Kajuna aliandika sifuri. Ilikuwa sifuri ya kumi na moja asubuhi ile, na zote ziliangukia mahali pamoja. Bibi alitambua hasira. Alitambua woga. Alitambua hata kejeli, ile filamu ya mwanamume anayemwambia mwenzake "asante sana, umenisaidia kweli" huku gari limezama kwenye tope, ambayo hata wazima huikosa. Lakini kila alipoletewa mtu anayelia, alicheka.

"Mwalimu, nimepata ngapi?" Kila mpimaji yeye alimwita mwalimu, kwa sababu kila mpimaji alimwuliza maswali ambayo majibu yake anayo mwenyewe.

"Nitakwambia, Bibi. Bado najumlisha."

"Jumlisha taratibu. Mie nimepikia shughuli miaka arobaini, chakula kilichoharakishwa nakijua kwa harufu."

Na kweli, kumbukumbu zake zilikuwa salama. Angekutajia pilau ya watu mia tatu inataka mchele kiasi gani na bizari vijiko vingapi, na nani aliiba mapaja ya kuku kwenye arusi ya nani hapa Korogwe. Ugonjwa wake haukuanzia ghalani. Ulianzia mlangoni: sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, pale mtu anapojua kwamba mwenzake amechoka kabla hajafumbua mdomo. Miaka minne iliyopita pale palianza kuzima, taa moja baada ya nyingine, na Bi Semeni akawa anaziangalia nyuso za watu kama asiyejua kusoma anavyoliangalia gazeti. Wino anauona. Habari haioni.

Ndipo alipovishwa Mnong'ono. Ulikuwa kidude kidogo kama mbegu ya ubuyu, nyuma ya sikio, chenye jicho lililotazama mbele. Kilitazama uso wa mtu, kikasikiliza sauti yake, kikamnong'oneza bibi neno moja au mawili: amechoka; anaogopa; amefurahi, mpongeze. Bila kifaa Bi Semeni alipata alama arobaini na moja. Nacho alipata sitini na tatu. Sheria ilitaka hamsini. Aliye chini ya hamsini hakuruhusiwa kukaa na watu wake, kwa kuwa, sheria ilisema, asiyeyaona maumivu ya anayemtunza atamvunja bila kujua. Huyo alipelekwa Nyumba ya Utulivu, kule milimani, penye vyumba visafi na wahudumu wa chuma wasio na uso wa kuumizwa.

Jumla ikatoka. Arobaini na nne.

Somoe, binti yake, aliisoma juu ya bega la Agripina. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na sindano mbili bado zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake.

"Nilijua," alisema. "Dada, nipe hiyo fomu ya kumpeleka, nitie saini."

"Ameshuka ghafla mno, Somoe. Miezi miwili tu iliyopita alikuwa sitini na tatu. Ugonjwa huu hauendi hivyo, unatambaa."

"Nisikilize basi." Somoe aliteremsha sauti, ingawa mama yake alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. "Alhamisi ya wiki juzi mimba yangu iliharibika. Ilikuwa ya miezi minne. Nilitoka hospitali, nikaja nikakaa kwenye mkeka mbele ya mama yangu, nikalia. Sikutaka anipikie uji wala aniombee dua. Nilitaka anione tu. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka akashika mbavu. Akaniambia, 'Haya mtani, umenipata, inuka sasa.'"

Agripina aliweka kalamu chini. Titi lake la kushoto lilikuwa limejaa. Saa ya kumnyonyesha mwanawe Koku ilikuwa imepita.

"Kumwogesha naweza," Somoe aliendelea. "Kumlisha naweza. Akinitukana naweza. Kuchekwa ninapozika siwezi, dada."

Bi Semeni aliwatazama wote wawili kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye mazungumzo ya lugha asiyoijua. Kifaa kilimnong'oneza kitu. Akamwambia binti yake, "Una hasira wewe. Kunywa maji."

"Nipe saa moja," Agripina alisema. "Niachie kifaa chake nikikague. Baada ya hapo fomu utaipata."

*

Alifunga mlango, akakifuta kifaa kwa pamba, akakivaa mwenyewe.

Hakuwahi kukivaa hata siku moja. Wapimaji hawakukivaa, kama vile mpishi wa hospitali asivyokula chakula cha wagonjwa. Alicheza filamu ya mwanamume mwenye hasira, na kinong'ono kikamfikia sikioni, sauti ya kike, tulivu, isiyo na umri: Amekasirika. Filamu ya mtoto anayeogopa mbwa: Anaogopa. Kisha akamrudisha mwanamke wa mezani, yule wa mabega na pua.

Anatania, kilisema kinong'ono.

Akarudia. Anatania. Akaleta mzee anayelia makaburini. Anatania. Akaleta msichana aliyefeli mtihani, uso kwenye viganja. Anatania, cheka naye.

Alikuwa bado ameshika ukingo wa meza pale Koku alipoanza kulia katika chumba cha watoto wa wafanyakazi, ukuta mmoja kutoka hapo. Agripina alivijua vilio vya mwanawe kama anavyojua ngazi za nyumba yake gizani: kuna cha njaa, kuna cha usingizi, kuna cha kuonewa. Hiki kilikuwa cha njaa. Miguu yake ilikwisha kugeuka.

Anatania, kilisema kinong'ono.

Na miguu ikasita.

Ilikuwa nusu sekunde, haikufika hata moja. Akakivua kifaa, akakimbia, akamchukua mtoto, akamweka kifuani. Lakini nusu sekunde ile hakuisahau. Yeye mzima, mwenye ubongo wote kichwani, mama wa mtoto mwenyewe, alisita kwa sababu sauti tulivu ilimwambia asiamini sikio lake. Bi Semeni, ambaye taa zake zilikuwa zimezima, angeishindaje sauti hiyo? Alikuwa hajashuka. Alikuwa anatii. Na mgonjwa akianguka, nani humshuku mkongojo?

Alirudi mezani na Koku akiwa bado ananyonya, akafungua kumbukumbu za kifaa kwa mkono mmoja. Toleo jipya liliwekwa miezi miwili iliyopita, toleo la kanda, lililofunzwa kwa sauti na nyuso za watu wa huku ili wazee wa huku waache kulishwa vinong'ono vilivyojifunzia miji ya mbali. Mashine hizi hazifundishwi kwa maelezo. Ukiiambia mashine "hii ni huzuni", haijui huzuni ni kitu gani. Inaonyeshwa mtu analia, halafu inaachwa iangalie waliokaribu naye wanafanya nini. Wakimshika mkono, ni huzuni. Wakikimbia, ni hatari. Hujifunza maana ya uso mmoja kutoka kwenye nyuso zinazouzunguka, jinsi mtoto mchanga anavyojifunza.

Akashuka hadi kwenye orodha ya vyanzo. Kilio, sampuli ya kwanza hadi ya mia sita na arobaini. Mahali: msibani, Korogwe. Mkusanyaji: A. Kajuna.

Koku aliachia titi akamtazama mama yake usoni, kwa makini, kama anayepima.

*

Wakati huo Agripina alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ndiyo kwanza amehamia kutoka Bukoba, mchana anauza duka la vitambaa na jioni anasoma darasa la upimaji. Mwalimu wao aliwagawia kazi: mmoja alete vicheko, mmoja alete ugomvi, yeye alete vilio. Akaambiwa kuna msiba mkubwa mtaa wa pili, nyumba ya mpishi wa shughuli.

Alikwenda na kinasa chake cha sauti na picha ndani ya kanga. Na pale mlangoni, alipomwona mjane amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, roho yake ilikataa. Alijiambia hawezi kumwekea mfiwa mashine mdomoni. Hayo si ya binadamu. Akapita pembeni, uani, ambako kulikuwa na kundi la watu wakilia kwa sauti kubwa zaidi kuliko wote, wakigaagaa, wakiita jina la marehemu, na hakuna hata mmoja aliyemkatalia alipotoa kinasa. Wengine walimsogelea ili wasikike vizuri. Alirekodi mchana kutwa. Siku ya tatu akarudi tena. Waliokuwa karibu nao walikuwa wanacheka, hilo aliliona, akadhani ndiyo mila ya huku: kwamba watu hucheka ili wasizimie.

Mwalimu alimsifu. Sauti safi, alisema, hazina kelele za upepo. Zikaingia ghalani, na miaka sita baadaye mtu fulani akazitoa ghalani.

Agripina alibonyeza sampuli ya kwanza, akaipandisha sauti. Ikatoka sauti nzito ya kiume, inalia kwa madaha: "Uwii, Mndolwa, umeondoka na kofia yangu! Nani atakoroma sasa mtaa mzima upate kulala!"

Nje, kwenye benchi la korido, mtu alianza kukohoa kwa kicheko.

"Nani kanifungia humo ndani?" sauti ileile iliuliza, sasa kavu zaidi. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Mzee Mihambo, jirani yake Bi Semeni, Mnyamwezi ambaye babu zake waliletwa huku kukata mkonge. Hakukosa kuja naye kliniki, akidai anamsindikiza mtumwa wake asije akatoroka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Hiyo sauti yangu umeipata wapi? Huo ni msiba wa Mndolwa, mume wa huyu bibi. Nilivaa kofia ya marehemu na kanzu yake, nikatembea mwendo wake wa kuchechemea, hata mjane akacheka chini ya kanga. Siku ile nililia vizuri mno. Hakuna Mnyamwezi aliyepata kumlilia Mzigua vile."

"Ulikuwa unatania," Agripina alisema polepole.

"Sasa wewe ulitaka mtani alie kweli? Sisi na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, na mtani kazi yake ni hiyo. Mfiwa amebeba gunia la huzuni, mtani anamfungua kamba kidogo apumue." Alimtazama yule binti mwenye mtoto kifuani, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Kwani kuna nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, hata nusu sekunde. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, fimbo mikononi, na Agripina alipomaliza, yeye alikaa kwenye kiti cha mgonjwa bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo Somoe alipolia, mashine ikadhani ni mimi."

"Ndiyo, babu."

"Na Semeni akamjibu kama anavyonijibu mimi." Alitikisa kichwa. "Hukukosa adabu, mjukuu. Ulikuwa na adabu nyingi kupita kiasi. Ila hukumwuliza mtu. Na mashine yako nayo haikuuliza. Sisi hatuingii hivihivi kwenye nyumba ya mfiwa. Mtani anasimama mlangoni anajitangaza: nimekuja, mie mtani wenu, Mnyamwezi, fungueni. Asipojitangaza, akaanza tu kuchezea kofia ya marehemu, atapigwa, na ni haki yake kupigwa. Hiyo umeirekodi?"

Hakuwa ameirekodi. Alifika walipokwisha kujitangaza.

*

Daktari Mbwilo, mkuu wa vipimo wa kanda, alipokea simu mara ya pili. Hakukatiza. Agripina alipomaliza, ilisikika sauti ya kiti kikivutwa.

"Kuna vifaa mia mbili na kumi na vinne vyenye toleo hilo," daktari alisema. "Wewe una ruhusa ya kurekebisha kimoja kwa mkono, cha mgonjwa aliye mbele yako. Zima sikio la kilio kwenye hicho cha bibi yako, mpime upya, atapata hamsini na kitu, aende nyumbani. Mengine niachie. Toleo lijalo nitalisafisha."

"Lijalo ni lini, daktari?"

"Ithibati inachukua miezi sita. Unaijua."

"Na lile la zamani hatuwezi kulirudisha?"

"Ithibati yake imekwisha. Sikiliza, Agripina. Ukiandika taarifa rasmi, vifaa vyote vinazimwa leo jioni. Kikizimwa kifaa, inabaki alama ya mtu mwenyewe. Arobaini, thelathini na nane. Wote watapewa siku ishirini na moja, kisha milimani. Unataka kuwatoa wazee mia mbili na kumi na watatu majumbani kwao kwa sababu wanacheka pasipostahili? Wanacheka, sawa. Lakini wanacheka wakiwa kwao."

Haikuwa sauti ya mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Agripina. Daktari Mbwilo alikuwa na baba yake mzazi katika orodha ile, na kila mtu kazini alijua.

"Na wanaochekwa?" Agripina aliuliza.

Upande wa pili kiti kikavutwa tena.

"Daktari, baba yako ukilia mbele yake, anafanyaje?"

"Mimi silii mbele yake," daktari alisema hatimaye, na simu ikakatwa.

Agripina alibaki na mtoto begani, akimpigapiga mgongo mpaka acheue. Alifikiria kina Somoe wengine mia mbili, kila mmoja kwenye mkeka wake, kila mmoja akidhani mama yake au baba yake amekwisha, akijifunza kulia jikoni. Hao nao walikuwa wanaondoka nyumbani, ila wao hakuna aliyewahesabia siku. Kisha akafungua sheria yenyewe, ile ndefu ambayo darasani waliisoma kwa kurukaruka, akatafuta maneno "siku ishirini na moja". Kifungu kilisema mgonjwa apewe siku hizo kutafuta usaidizi mbadala, na mpimaji authibitishe kwa kuushuhudia kwa macho yake. Hakikusema usaidizi lazima uwe na betri.

*

Aliwakuta kwenye benchi, Bi Semeni katikati, Somoe upande mmoja na fomu tayari mapajani. Alikuwa ameiomba mapokezi. Mzee Mihambo alisimama karibu na dirisha.

"Mpagazi wangu," Bi Semeni alikuwa anamwambia, "mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua hapo kwenye benchi. Umevaa kanga."

Bibi alicheka, kicheko chake mwenyewe, bila kifaa. Kwa mtani huyu hakuhitaji kunong'onezwa; mzee alikuwa akijitangaza kila anapoingia kwa miaka hamsini.

Agripina alichuchumaa mbele ya Somoe, Koku amemning'inia mgongoni. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yakamtoroka, akabaki na yale ya kawaida.

"Mama yako hakukucheka," alisema. "Kifaa kilimwambia unatania. Na kifaa kilifundishwa na mimi. Kwenye msiba wa baba yako nilirekodi watani nikidhani ni wafiwa. Kosa ni langu."

Somoe aliinua macho kutoka kwenye fomu. "Ulikuwepo kwenye msiba wa baba?"

"Nilikuwepo. Nilikula na wali wenu."

"Wiki mbili," Somoe alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mikono ilikuwa inaikunja fomu, inaikunja tena. "Wiki mbili mie nimemchukia mama yangu. Nimemlaza bila kumwambia usiku mwema. Jana nilimvuta mkono, dada, nikamvuta kwa nguvu, ana alama hapa. Na wewe unaniambia ni sauti umeipata kwa watani."

"Ndiyo."

"Toka mbele yangu."

Agripina alisogea. Somoe akainama, paji la uso likagusa magoti, na kilio kikaja, kile ambacho alikuwa amekifungia wiki mbili nyuma ya meno, hakina maneno, hakina jina la mtu kwa sababu aliyefariki hakuwa amepewa jina.

Bi Semeni aligeuka. Sikio lake la kushoto lilikuwa tupu. Alimtazama binti yake, mabega yale, shingo ile, na uso wake ukabaki vilevile, kama sahani iliyooshwa ikaanikwa. Mkono wake ulipanda kwenye sikio kutafuta sauti, haukuikuta, ukashuka.

"Huyu anafanyaje?" aliuliza. "Anacheka au analia? Mie sioni. Niambieni."

Agripina aligeuka kumtazama, maana katika miaka minne ya kumpima, kwa maswali mia mbili ya fomu, hakuna mahali palipoandikwa: je, mgonjwa anauliza?

"Somoe," Mzee Mihambo alisema kutoka dirishani, bila utani hata chembe. "Jitangaze, mwanangu. Simama mlangoni useme."

Somoe aliinua uso uliolowa. "Mama," alisema. "Nalia. Nalia kweli, si mchezo. Mtoto wangu ametoka."

"Ametoka," Bi Semeni alirudia, kama anayeonja. "Lini?"

"Alhamisi ya wiki juzi."

"Na mie nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulicheka."

Ni vigumu kusema bibi alihisi nini. Kwa mujibu wa picha za ubongo wake pale pa kuhisia palikuwa na giza. Lakini aliivua kanga ya begani, akaikunjua, akaitandika mapajani mwake, taratibu, kama anayeandaa mahali pa kutua sufuria ya moto.

"Basi nilikosea," alisema. "Njoo ulie hapa."

Somoe akalaza kichwa. Mama yake akaweka mgongo wa kiganja kati ya mabega yake, si kiganja, mgongo wa kiganja, jinsi mpishi anavyopima joto la chungu bila kuungua. Kila kwikwi ilipopanda, mkono uliinuka nayo. Ilipotulia, mkono ulitulia.

"Imepungua," Bi Semeni alisema baada ya muda. "Ikipanda tena niambie, mkono wangu huwa unachoka."

"Nitakwambia, mama."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mzee Mihambo alikuwa amegeukia nje, anapiga chafya nyingi kuliko hali ya hewa ilivyohitaji.

*

Agripina alijazia taarifa palepale, goti likiwa meza. Sehemu ya hitilafu aliandika kwa ukamilifu: sampuli mia sita na arobaini, vifaa mia mbili na kumi na vinne, wagonjwa wasilaumiwe. Sehemu ya chanzo cha kosa aliandika jina lake lote, pamoja na la baba. Chini yake akaongeza ombi: kwamba kila familia ipigiwe simu leo kabla vifaa havijazimwa, iambiwe kwamba aliyecheka hakukucheka wewe, na kwamba ujitangaze mbele yake, na kwamba yeye mwenyewe, wakimwachia leseni au wasimwachie, atapita nyumba hadi nyumba kwa siku zote ishirini na moja akishuhudia. Alijua kwamba hazitatosha. Nyumba nyingine hazina Somoe. Akaandika hivyohivyo.

Kabla hajabonyeza, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Daktari Mbwilo, mstari mmoja: Anza na baba yangu, niko naye kesho.

Akabonyeza.

Kisha akachukua fomu ya Bi Semeni, ile iliyokunjwa na kukunjuliwa. Kwenye mstari wa uamuzi alikata neno "apelekwe" akaandika "abaki". Kwenye mstari uliosema aina ya usaidizi aliandika: Binti yake, Somoe, anayesema. Ilikuwa na nafasi ya namba ya kifaa. Aliiacha wazi.

Alipoinua kichwa, Bi Semeni alikuwa anamtazama. Alimtazama uso kwa bidii, kuanzia paji mpaka kidevu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta asioujua.

"Na wewe, mwalimu," alisema, "usoni una maji. Unacheka au unalia?"

Agripina alitaka kusema si kitu. Ndilo jibu la watu wote wenye adabu. Nyuma yake Koku alimshika sikio.

"Vyote viwili, Bibi."

"Sema kimoja kimoja, mie mgonjwa." Bi Semeni alisogea, akampisha kwenye benchi upande ambao kanga ilikuwa bado kavu. "Anza na kulia. Kucheka hakuchachi."